"Batani moja tu jamani": kinachotokea ukiongeza kitu kipya kwenye programu ya pikseli

Kila nikikaa na watu wanaochora pikseli, yaani picha zinazojengwa nukta moja moja, kuna ombi moja halikosi, mtu anasema hii programu ingekuwa na batani moja tu ya kufanya hivi na hivi mbona ingekuwa poa sana, na anashangaa kwa nini waliotengeneza hawaiweki maana kwake ni kazi ya jioni moja. Namwelewa kabisa, na mimi niliwaza hivyo miaka mingi, mpaka nilipoanza kuandika skripti zangu (vipande vifupi vya msimbo) za Aseprite, programu ya kuchora pikseli, ndo nikaona batani huwa haiji peke yake, inakuja na ukoo mzima. Kwa hiyo leo nataka tuingie ndani tuone kitu kipya kinapita wapi na wapi kabla hakijafika kwenye skrini yako, na kwa nini mambo mengi tunayoyaomba mahali pake ni kwenye ekstensheni, vipande vya nje vya kuchomeka kwenye programu, au viendelezi kama Chrome ya Kiswahili inavyoviita.

Natumia Aseprite kama mfano mkuu kwa sababu ndiyo ninayoijua vizuri. Ilianzishwa mwaka 2001 na David Capello wa Argentina, mpaka leo msimbo wake uko wazi GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, unaweza kuusoma na hata kuujenga mwenyewe kwa matumizi yako, ingawa tangu 2016 siyo programu huria tena kwa maana kamili, leseni ilibadilishwa. Hilo la leseni nitalirudia, lina uhusiano na mada.

Chukua mfano. Unataka penseli inayoacha kivuli: ukiweka nukta, pikseli iliyo chini yake upande wa kulia inapata rangi iliyofifia kidogo kuelekea nyeusi. Kichwani ni mistari miwili ya msimbo, weka rangi hapa, weka iliyofifia pale. Haya, tuanze kutembea.

Kwanza mausi yenyewe haipiti kila pikseli. Ukiivuta haraka kompyuta inapokea nukta chache zilizoachana, programu ndo inajaza katikati, na njia inayotumika sana ni ile aliyoibuni Jack Bresenham akiwa IBM mwaka 1962, inayochagua pikseli za mstari kwa kujumlisha na kutoa namba kamili tu bila desimali. Sawa, hiyo tayari ipo, penseli yako inaipata bure. Lakini kuna ile hali ambayo wachoraji tunaipenda sana, ukichora kwa mkono mstari wa unene wa pikseli moja, kwenye kona zinabaki pikseli zimekaa kama herufi L na mstari unaonekana una uvimbe pale, basi programu inaangalia pikseli tatu zinazofuatana na ikikuta ya katikati imekaa konani inaiondoa. Sasa kuiondoa maana yake nini? Maana yake kurudisha rangi iliyokuwepo chini kabla hujachora. Penseli ya kawaida inarudisha pikseli moja, ila penseli yako ilishaweka na kivuli, kwa hiyo kivuli nacho kirudi kilivyokuwa, na kama kivuli hicho kiliangukia juu ya pikseli uliyochora sekunde iliyopita, unarudisha nini hapo, ya zamani au ya sekunde iliyopita? Hilo swali halina jibu la mistari miwili. Na hapo bado tuko kwenye mkono, hatujagusa picha.

Picha ina hali tatu za rangi. Kuna RGB (nyekundu, kijani na bluu) ambayo kila pikseli inabeba biti 32, kuna ya kijivu yenye biti 16, na kuna ya paleti (orodha ya rangi ulizochagua) ambayo kila pikseli ni biti 8 tu, yaani namba kati ya 0 na 255 inayosema "mimi ni rangi namba fulani kwenye paleti". Penseli yako ya kivuli inataka rangi iliyofifia, kwenye RGB ni hesabu nyepesi, unapunguza namba. Kwenye picha ya paleti huwezi kupunguza namba, rangi namba 11 siyo rangi namba 12 iliyofifia, inaweza kuwa waridi kabisa. Inabidi uamue: unatafuta rangi ya karibu zaidi kwenye paleti, au unamwambia mchoraji apange paleti yake kwa ngazi? Wachoraji wa paleti ni watu wanaochagua rangi 16 kwa uchungu, ukiwaletea zana inayowachagulia rangi wenyewe hawatakuelewa.

Alafu kuna seli. Kwenye Aseprite leya moja (tabaka la mchoro) kwenye fremu moja (picha moja ya katuni) ndo inaitwa seli, na picha ya seli haianzii lazima kwenye kona ya turubai, inakatwa ikabaki na ukubwa wa kile kilichochorwa na inakumbuka imekaa wapi. Ukichora nje ya mpaka wake lazima ipanuliwe. Kivuli chako kinatoka nje ya mpaka kila wakati. Bado kuna eneo ulilochagua ambalo hutakiwi kuvuka, kuna hali ya kurudia picha kama vigae ambayo ukitoka kulia unaingilia kushoto, kuna kioo cha kuchora pande mbili kwa pamoja (kivuli kwenye upande wa kioo kiende kulia au kushoto? mwanga unatoka wapi?), kuna onyesho la kuona kabla hujabonyeza, kuna njia ya mkato ya kibodi, kuna maneno ya menyu ambayo yatafsiriwe. Na kuna Ctrl+Z, ya kutendua.

Ctrl+Z naomba nikae nayo kidogo kwa sababu watumiaji tunaichukulia kama hewa. Programu haikumbuki picha nzima kila ukigusa, ingekula memori yote. Inakumbuka mabadiliko, kila tendo linaandikwa kama amri inayojua kujitekeleza na kujirudisha nyuma. Maana yake kila zana mpya lazima ijieleze kwa amri hizo, na ikiacha hata badiliko dogo moja nje ya daftari, siku utakayorudi nyuma hatua kumi picha na daftari havikubaliani tena, na hapo ndo programu inakufa na kazi yako. Kwa hiyo unapoona mtengenezaji anasita kuongeza batani yako, mara nyingi hasiti kwa uvivu. Anahesabu hizo njia panda zote, na anajua kila kitakachoongezwa baadaye kitabidi kiulizwe pia "na ile penseli ya kivuli je?"

Kuna mambo hayana ujanja, lazima yaingie kwenye kiini cha programu. Ramani za vigae, yaani picha zinazopangwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, ndo mfano bora ninaoujua, zilizokuja na toleo la 1.3 lililotoka 2023. Kabla yake seli ilikuwa na pikseli, basi. Kwenye leya ya vigae seli haina pikseli, ina namba za vigae: hapa weka kigae 4, hapa 4 tena, hapa 9. Ukichora nyasi kwenye kigae 4 kwa hali ya kuhariri vigae vilivyopo, nyasi zinaota kila mahali kigae 4 kilipo. Penseli, ndoo ya kumwaga rangi, kunakili na kubandika, kugeuza, vyote vikabidi viulize swali jipya kabla ya kufanya kazi: nashika pikseli au nashika kigae? Hicho huwezi kukileta kwa ekstensheni, ni kama kubadilisha msingi wa nyumba watu wakiwa ndani wanakula.

Na faili? Hapa nawasifu kwa moyo wote, maana faili la .aseprite limepangwa na mtu aliyefikiria kesho. Linaanza na kichwa cha baiti 128 chenye alama A5E0, kila fremu ina kichwa chake cha baiti 16 chenye alama F1FA, na ndani ya fremu kuna mafungu. Kila fungu linaanza kwa kutaja ukubwa wake, kisha namba ya aina yake: 2004 ni leya, 2005 ni seli, 2019 ni paleti (hizo namba ni za mfumo wa heksadesimali, wa kuhesabu kwa kumi na sita). Kwa sababu ukubwa unatajwa mwanzoni, programu ikikutana na fungu isilolijua inaliruka kwa kuhesabu baiti na kuendelea na linalofuata. Ndo maana vigae vilipokuja viliongezewa fungu jipya, 2023, na aina mpya ya seli, bila kulivunja faili la zamani, namba kufanana na mwaka ni bahati tu. Mtu aliyeandika kifaa chake cha kusoma faili hizi kwa ajili ya gemu lake hakulazimika kuanza upya, alimradi aliandika vizuri ile sehemu ya kuruka.

Sasa tuje kwenye ekstensheni. Watu wanadhani ni kitu kizito, kumbe ni faili la zip lililobadilishwa mwisho wa jina likawa .aseprite-extension, ndani yake kuna package.json inayosema jina, toleo, na imeleta nini. Inaweza kuleta vitu visivyo na msimbo hata kidogo: paleti, mwonekano, njia za mkato za kibodi, matriki za kuchanganya rangi kwa nukta, na lugha. Hapo kwenye lugha nataka Waswahili wenzangu tusimame. Lugha ya programu nzima ni faili la maandishi, kila mstari una jina la kitu kushoto na maneno yake kulia, unachukua la Kiingereza unabadilisha upande wa kulia tu, "Tendua", "Leya mpya", "Hifadhi", unafunga zip, na sentensi usizotafsiri zinabaki Kiingereza bila kuharibu chochote. Mwalimu anayefundisha watoto kuchora anaweza kuifanya kazi hii bila kujua msimbo hata mstari mmoja, na akaigawa kwa wenzake kama faili moja. Ila ajue kila toleo jipya linakuja na maneno mapya, kwa hiyo tafsiri inataka kumwagiliwa kama bustani.

Aina ya pili ni zenye skripti, zinaandikwa kwa Lua, lugha iliyozaliwa chuo kikuu cha PUC cha Rio de Janeiro mwaka 1993, ndogo kiasi kwamba inaingia ndani ya programu nyingine bila kuilemea. Aseprite iliifungulia mlango mwaka 2019 kwenye toleo la 1.2.10. Ekstensheni yako ina kazi (kipande cha msimbo chenye jina) inayoitwa init, programu ikiwaka inaiita, nawe unasajili amri yako na kutaja ikae kwenye kundi gani la menyu. Hutaji "weka chini ya batani ya tatu", unataja jina la kundi, ili menyu ikipangwa upya kesho amri yako ihame na kundi lake. Kitu kidogo lakini ndo tofauti ya mlango uliofikiriwa na mlango uliotobolewa.

Acha niwaonyeshe ya kwangu. Nilikuwa nachora stendi ya daladala kwa ajili ya gemu dogo, daladala moja ya pikseli 48 kwa 32, fremu 8 za kutikisika ikiwa inanguruma pale pale. Daladala za Dar mnazijua, ubavuni kuna mstari wa rangi unaoonyesha ruti, nami nilitaka daladala hiyo hiyo moja itoe ruti kadhaa. Ruti moja ilitaka rangi ya mstari na rangi ya maandishi zibadilishane, mstari ulikuwa namba 7 kwenye paleti na maandishi namba 12. Nikaandika skripti hii, inayopita fremu moja moja na kugeuza kila pikseli ya 7 kuwa 12 na ya 12 kuwa 7 (p() ndo inasoma pikseli, p(12) inaiandika):

for i = 1, #app.sprite.frames do
  local seli = app.layer:cel(i)
  if seli then
    local picha = seli.image:clone()
    for p in picha:pixels() do
      if p() == 7 then p(12)
      elseif p() == 12 then p(7) end
    end
    seli.image = picha
  end
end

Angalia nilivyofanya kazi kwenye nakala kisha nikairudisha mara moja, hiyo ni tabia nzuri maana programu inaona badiliko moja safi la kuandika kwenye daftari la kutendua. Nikaendesha. Baadhi ya fremu zikabadilika, nyingine zikabaki vile vile kama sijazigusa. Nikabonyeza Ctrl+Z nianze upya, ikarudi fremu moja, nikabonyeza tena, moja nyingine, mpaka nikapotea sijui niko hatua gani.

La pili ndo rahisi: kila fremu ilikuwa tendo lake. Dawa ni kuizungusha kazi yote ndani ya app.transaction, hapo fremu zote zinakuwa tendo moja na Ctrl+Z moja inatosha. Mtu akikupa skripti isiyofanya hivyo mrudishie, mwombe aongeze, ni mistari miwili kwelikweli.

La kwanza lilinichukua usiku mzima. Fremu zangu nyingine zilikuwa zimeunganishwa, yaani fremu ya 1 na ya 5 zinashiriki picha moja, ukihariri moja nyingine inafuata, ni njia ya kawaida ya kuokoa kazi kwenye katuni inayojirudia. Skripti ilipofika fremu ya 1 ikageuza 7 kuwa 12 na 12 kuwa 7, ilipofika ya 5 ikaikuta picha ile ile, ikaigeuza tena, ikarudi ilikoanzia. Skripti haikukosea hesabu hata mara moja, ilifanya kazi mara mbili. Nikaongeza daftari dogo la picha zilizokwisha guswa, ikitokea tena inarukwa, ikatulia. Na bado kuna mtego nilioukuta baadaye: picha ikiwa ya RGB, p() haikupi namba ya paleti, inakupa rangi nzima kama namba moja kubwa, kwa hiyo haitakutana na 7 wala 12 na skripti inamaliza kimya bila kubadilisha kitu na bila kulalamika. Siku hizi mstari wa kwanza wa kila skripti yangu unauliza hali ya rangi na kumwambia mtumiaji wazi kama siyo ya paleti.

Mnaona? Ni maswali yale yale ya penseli ya kivuli. Ekstensheni haikuondolei hali za rangi, seli na kutendua, inakupa tu nafasi ya kuyajibu kwa ajili ya kazi yako mwenyewe, mimi nilihitaji kujibu kwa daladala ya paleti, sikuhitaji kujibu kwa kila mchoraji duniani. Hapo ndo mpaka ulipo kwa maoni yangu. Kama kitu kinabadilisha maana ya pikseli au seli, kiende kwenye kiini na tukisubiri kwa subira. Kama kinatumia vilivyopo kwa mpangilio mpya, kiandikwe nje.

Ila aliyefungua mlango naye amefunga ahadi. Toleo la 1.3 lilileta jina fupi app.sprite badala ya app.activeSprite la zamani, lakini la zamani likaachwa lifanye kazi, kwa sababu skripti za watu zimeshaandikwa na baadhi ya waandishi hawapo tena kuzirekebisha. Kuna hata app.apiVersion ili skripti iulize inaongea na programu ya umri gani. Kila jina likishatolewa nje ni deni. Na kuna usalama, skripti ikitaka kufungua faili kwenye diski yako au kuendesha programu nyingine, Aseprite inasimama na kukuuliza ikitaja faili lenyewe. Usome kile kisanduku, tafadhali, ekstensheni ya paleti haina sababu ya kuendesha amri kwenye kompyuta yako.

Wengine wamechagua tofauti. Pixelorama, ambayo ni huria kwa leseni ya MIT, imejengwa juu ya injini ya magemu ya Godot, na ekstensheni zake ni faili za .pck za Godot yenyewe. Nguvu yake ni kubwa sana, unaandika kwa lugha ile ile iliyojengea programu na unaweza kuleta dirisha zima jipya. Gharama yake ni kwamba umefungwa na injini: Pixelorama ilipohama kutoka Godot 3 kwenda Godot 4 kwa toleo la 1.0, ekstensheni za zamani zilibidi ziandaliwe upya. LibreSprite nayo ilichipuka kutoka Aseprite baada ya leseni kubadilika 2016, ikabaki na GPL, ile leseni huria ya awali, na leo skripti zake ni za JavaScript wakati za Aseprite ni za Lua. Mzizi mmoja, lakini skripti yangu ya daladala haiendi kule. Kwa hiyo ukiwa unachagua programu ya kujifunzia, usiangalie zana zake tu, angalia na mlango wake unafunguka vipi, kwa leseni gani na kwa lugha gani.

Kitu cha mwisho nilichoongeza kwenye ile ekstensheni yangu ni kumbukumbu ya ruti. Tangu 1.3 skripti inaweza kuweka taarifa zake ndani ya faili lenyewe la mchoro, kwenye sehemu inayoitwa properties, chini ya jina la ekstensheni ili zisigongane na za mtu mwingine. Sasa kila daladala inabeba namba ya rangi ya mstari wake na ya maandishi yake. Rafiki yangu anayechora majengo ya stendi hana ekstensheni yangu, nilimtumia faili akalifungua kama mchoro wa kawaida, akarekebisha kioo cha mbele ambacho nilikuwa nimekipindisha, akanirudishia. Nilipofungua tena, namba za ruti zilikuwa bado zimo.